Pembe ya shamba na pauni moja ya mezani: somo kwa vijana kuhusu ndugu zetu wasio na pa kulala



Leo tunalitazama tendo moja la huruma ambalo wengi tunalitaja haraka haraka na kupita: kumpokea asiye na makazi. Na tutalitazama kupitia kitu ambacho pengine hukutegemea kukikuta kwenye katekesi, yaani bili ya mgahawa. Shika Biblia yako. Soma kwanza Mambo ya Walawi 19:9-10, kisha Kitabu cha Ruthu sura ya 2, halafu Luka 10:29-37. Ukimaliza, rudi hapa tuendelee pamoja.

1. JAMBO LENYEWE LIKOJE?

Mwaka 1998 huko London, Uingereza, ilianza kampeni inayoitwa StreetSmart. Utaratibu wake hata mtoto wa Komunyo ya kwanza anauelewa. Mwezi wa Novemba na Desemba, mgahawa ulioamua kushiriki unaongeza pauni moja kwenye bili ya kila meza. Meza nzima, siyo kila mtu. Juu ya meza inawekwa kadi ndogo inayoeleza pauni hiyo inakwenda wapi. Kama mteja hataki, anamwambia mhudumu, inaondolewa, na hakuna ugomvi. Fedha zikishakusanywa zinapelekwa kwa mashirika yanayowahudumia watu wasio na makazi katika maeneo yale yale zilikotoka. Gharama za uendeshaji zinabebwa na wadhamini, ili pauni ya mteja isiliwe njiani. Kwa mtindo huo mdogo, tangu kuanza kwake kampeni hii imeshakusanya zaidi ya pauni milioni 10.

Kwa nini Novemba na Desemba? Kwa sababu mbili zinazogongana. Ni miezi ya baridi kali, ambapo kulala nje kunaweza kumuua mtu. Na ni miezi ambayo migahawa inajaa kuliko wakati wowote, kwa sababu ya sherehe za Noeli. Ndani kuna kicheko, nyama choma ya bata mzinga na mishumaa. Nje, hatua chache tu kutoka mlangoni, mtu amejikunja juu ya boksi. Wale walioanzisha kampeni hii waliona hizo hatua chache, wakajaribu kuweka daraja.

Si Uingereza peke yake. Kule Napoli, Italia, kuna desturi ya zamani ya kahawa inayoachwa: mtu anakunywa kikombe kimoja lakini analipia viwili, na kile cha pili kinamsubiri mtu asiye na hela atakayeingia na kuuliza kama kuna kahawa iliyoachwa. Na Milano, mwaka 2015, mpishi maarufu Massimo Bottura alishirikiana na Caritas ya Jimbo la Milano kuanzisha Refettorio Ambrosiano katika jengo lililokuwa ukumbi wa maigizo, mtaa wa Greco. Wapishi wakubwa walikuja kupika kwa vyakula vilivyobaki kwenye maonesho ya kimataifa ya Expo, na walioketi mezani walikuwa watu wasio na makazi. Walihudumiwa mezani kama wageni. Hawakupanga foleni na bakuli mkononi.

Basi tuna mifano mitatu: pauni, kikombe na meza. Tuiweke moyoni, tutairudia.

2. KUKOSA MAKAZI NI KUKOSA NINI HASA?

Ukimwuliza mtu, atasema: ni kukosa paa. Ni kweli, lakini si yote. Nikupe habari ya mama mmoja wa Roma.

Aliitwa Modesta Valenti. Alikuwa bibi mwenye miaka 71, akiishi katika kituo cha treni cha Termini. Tarehe 31 Januari 1983 alijisikia vibaya. Gari la wagonjwa lilipofika, halikumchukua, kwa sababu alikuwa mchafu na ana chawa. Alisubiri kwa saa kadhaa, akafa pale pale kituoni, katikati ya mji wenye makanisa mengi kuliko unavyoweza kuhesabu. Jumuiya ya Mtakatifu Egidio (Sant'Egidio) haikukubali jina lake lisahaulike. Kila mwaka wanamkumbuka katika Misa pamoja na wote waliofia barabarani.

Leo kuna barabara mjini Roma inayoitwa Via Modesta Valenti. Ukienda Roma usiitafute kwa miguu, hutaipata. Ipo kwenye vitabu vya manispaa tu. Wanaolala nje wanaandikishwa kwamba wanaishi katika barabara hiyo. Kwa nini? Kwa sababu mtu asiye na anwani hapati kitambulisho, na asiye na kitambulisho anahangaika kupata daktari, kazi, hata pensheni yake. Umeona? Kukosa makazi kunaanza na kukosa paa, kunaendelea na kukosa karatasi, kunaishia na kukosa jina. Na mtu asiye na jina ndiye anayeweza kuachwa sakafuni mpaka afe, na watu wakaendelea kuwahi treni zao.

Papa Fransisko aliliweka jambo hili wazi katika Furaha ya Injili (namba 53), mwaka 2013. Alishangaa kwamba mzee asiye na makazi akifa kwa baridi si habari, lakini soko la hisa likishuka pointi mbili, hiyo ni habari. Ndugu yangu, hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Ufukara upo, lakini kibaya zaidi ni kwamba tumeuzoea.

3. SHAMBA LA BOAZI

Sasa tufungue Biblia. Sheria ya Mungu katika Mambo ya Walawi inamwambia mwenye shamba: unapovuna, usifike mpaka pembeni kabisa, wala usirudi kuokota masazo yaliyodondoka. Hayo ni ya maskini na ya mgeni.

Angalia vizuri sheria hiyo inasema wakati gani. Haisemi: vuna yote, uza, lipa madeni, jenga ghala, halafu kikibaki kitu uwafikirie maskini. Inasema fungu la maskini liwe ndani ya kazi yenyewe, tangu panga linapoingia shambani. Mwenye shamba anavuna, na katika kuvuna kule kule maskini anapata chakula. Pauni ya mezani inafanana na pembe hiyo. Haingojei faida ya mwisho wa mwaka. Imewekwa ndani ya kazi ya kila siku ya mgahawa: meza inakula, meza inalipa, pembe inaachwa.

Sasa njoo kwa Ruthu. Ni mjane, ni mgeni kutoka Moabu, anamtunza mama mkwe wake Naomi. Anaingia shamba la Boazi kuokota masazo. Boazi anafanya mambo matatu, na nakuomba uyaandike kwenye daftari lako.

La kwanza, Boazi anatii sheria, anaacha masazo. Huo ndio mwanzo, na hata huo wengi hawaufikii.

La pili, anailinda heshima ya Ruthu (aya ya 15 na 16). Anawaagiza vijana wake wachomoe masuke kutoka kwenye miganda na kuyaacha makusudi, na wasimkemee. Ruthu ataokota bila kujua kwamba amewekewa. Hakupigwa picha, hakuitwa mbele atoe shukrani. Alirudi nyumbani na karibu efa moja ya shayiri aliyoipata kwa mikono yake mwenyewe. Kahawa ya Napoli ina roho hiyo hiyo: anayelipa na anayekunywa hawaonani, kwa hiyo hakuna wa kujivuna na hakuna wa kuinamisha kichwa. Yesu anataka hivyo hivyo katika Mathayo 6: mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia.

La tatu ndilo linalonigusa kuliko yote (aya ya 14). Wakati wa kula, Boazi anamwita Ruthu: njoo hapa, ule pamoja nasi. Anaketi kando ya wavunaji, Boazi mwenyewe anampa bisi, anakula, anashiba, na kinabaki cha kumpelekea Naomi. Kutoka pembeni mwa shamba mpaka mezani! Ile ndiyo safari ambayo kila msaada wa kweli unapaswa kuifanya.

Na matokeo yake unayajua. Ruthu anakuwa mke wa Boazi, bibi mzaa babu wa Mfalme Daudi. Fungua Mathayo 1:5, jina lake liko pale katika ukoo wa Yesu. Kwa hiyo Mwokozi wetu, yule ambaye mama yake alikosa nafasi katika nyumba ya wageni, anatoka katika ukoo ambao siku moja ulipona kwa sababu mtu mmoja aliacha pembe ya shamba. Usidharau pembe.

4. "LAKINI JAMANI, PAUNI MOJA?"

Tuwe wakweli. Kuna swali linakusumbua, na ni swali zuri. Mtu amekula chakula cha pauni 80, akanywa mvinyo wa pauni 40, halafu anaongezewa pauni moja ya maskini na anatoka akijiona mtakatifu. Si ndiyo tajiri wa Luka 16 huyo, yule aliyekula kwa anasa kila siku huku Lazaro amelala mlangoni?

Tulichukue swali hilo kwa uzito. Yule tajiri hakuhukumiwa kwa sababu alimpiga Lazaro. Hakumtukana, hakumwitia polisi. Alimpita tu. Na hatari ya pauni moja iko hapo: inaweza kumfungua mtu macho, au inaweza kuwa njia ya bei rahisi ya kumpita Lazaro bila kusikia kelele moyoni. Pauni ile ile, mioyo miwili tofauti.

Sasa tusome Msamaria Mwema polepole. Wengi tunakumbuka zile dinari mbili alizompa mwenye nyumba ya wageni. Lakini zilitoka lini? Luka anasema siku ya pili yake. Siku ya kwanza Msamaria alisimama, akakaribia, akaosha majeraha kwa mafuta na divai, akampandisha mnyama wake, akamtunza usiku ule. Fedha zilikuja baada ya mikono. Na alipozitoa hakusema "nimemaliza." Alisema atakaporudi atalipa kitakachozidi. Maana yake: nitarudi.

Kwa hiyo je, dinari ni mbaya? Hapana! Bila dinari, majeruhi angefukuzwa kesho yake. Msamaria alikuwa na safari yake, hakuweza kukaa pale mwezi mzima. Alihitaji mtu mwenye kitanda, mwenye muda. Ndivyo ilivyo kwa mteja wa mgahawa. Hawezi kumtibu mtu mwenye ugonjwa wa akili, kumtafutia chumba na kumfuatilia karatasi zake. Wapo wanaojua kazi hiyo, na wanahitaji fedha za kila mwaka, siyo huruma ya siku moja. Papa Leo XIV, katika Wosia wake wa Kitume Dilexi te aliousaini tarehe 4 Oktoba 2025, anafundisha kwamba msaada mkubwa zaidi kwa maskini ni kumsaidia apate kazi nzuri, lakini pale ambapo hilo halijawezekana, sadaka bado inahitajika na tusiidharau. Sadaka haibebi mzigo wote, ila ni afadhali kuliko kukunja mikono tukisubiri dunia ibadilike.

Basi jibu letu ni hili: pauni ni dinari. Ni njema kama kuna mikono iliyotangulia au itakayofuata.

Na kuna jambo la pili lisilopendeza kusikia. Mgahawa unaweza kuchangia wasio na makazi huku unamlipa mwosha vyombo mshahara usiotosha kodi ya chumba. Huyo mwosha vyombo naye anaweza kuwa mmoja wa wanaolala nje. Kufanya kazi si kinga ya kukosa nyumba, kama kodi imeuzidi mshahara. Mtume Yakobo (5:4) anasema mishahara iliyozuiliwa inapiga kelele, na Mungu anazisikia. Katekisimu namba 2446 inatufundisha tusitoe kama zawadi ya upendo kile ambacho tayari ni deni la haki. Maana yake, mwenye mgahawa aanze na jikoni kwake, halafu aende barabarani. Boazi naye, kabla hata ya kuongea na Ruthu, aliwasalimu wafanyakazi wake kwa jina la Bwana (Ruthu 2:4), nao wakamwitikia. Mahali palipo na haki ndani, huruma ya nje inaaminika.

5. MTAKATIFU ALIYELALA NJE

Kanisa lina mtakatifu ambaye hakuwa na nyumba. Ni Benedikto Yosefu Labre, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1748. Alijaribu kuingia monasteri mara kadhaa, hakupokelewa au hakuweza kudumu. Akawa mhujaji wa miguu, akatembea Ulaya kutoka patakatifu hadi patakatifu, na mwisho akabaki Roma, akilala katika magofu ya Kolosai. Alichopewa alikigawa kwa maskini wenzake. Alifariki tarehe 16 Aprili 1783, wakati wa Juma Kuu, na Papa Leo XIII akamtangaza mtakatifu mwaka 1881.

Hebu fikiri. Waliompita pale Kolosai wakiziba pua walikuwa wanampita mtakatifu. Leo picha yake iko altareni. Hatujui ni nani tunayempita. Na ndiyo maana katika Mathayo 25 wote wawili, wema na waovu, wanashangaa: tulikuona lini, Bwana?

6. SISI VIJANA TUFANYE NINI?

Pengine wewe huli kwenye migahawa ya London. Unakula kwa mama ntilie karibu na chuo, au kibandani stendi. Pembe ya shamba inawezekana hata hapo. Mkiwa VIWAWA, TYCS au vijana wa jumuiya, mnaweza kujaribu hivi wakati wa Kwaresima, au kuelekea Siku ya Maskini Duniani, Dominika ya 33 ya Mwaka.

Kwanza, anzeni na wanaohudumiwa. Nendeni mkakitembelee kituo cha parokia au cha jimbo kinachowapokea watoto na watu wa mtaani. Ulizeni wanahitaji nini. Msipeleke nguo kama shida yao ni kodi ya vyumba. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya Msamaria.

Pili, zungumzeni na mwenye mgahawa mmoja au wawili kwa adabu. Asilazimishwe. Na mteja naye asilazimishwe. Akisema hapana, aondoke kwa amani.

Tatu, kiwango kiwe kidogo na kijulikane. Tuseme shilingi 200 kwa sahani. Wakila wateja 50 kwa siku na wote wakakubali, ni shilingi 10,000. Kwa siku 40 za Kwaresima ni shilingi 400,000. Kwa mtu aliyekuwa analala kwenye baraza za maduka, hiyo ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa katika miji yetu mingi. Kutoka kwenye sahani ya wali maharage!

Nne, hesabu ziwe wazi. Watu wawili washike fedha, siyo mmoja, na kiasi kilichopatikana kitangazwe na kubandikwa pale pale mgahawani. Sadaka isiyo na hesabu inaua imani ya watu.

Tano, simu zikae mfukoni. Usimpige picha maskini akila ili upate "likes". Kumbuka agizo la Boazi: msimwaibishe.

Sita, fikeni mezani. Siku ya kufunga kampeni, kaeni mle pamoja na wale mliowachangia. Jua majina yao, nao wajue la kwako. Yesu katika Luka 14 anataja wageni wa kualikwa karamuni: maskini, vilema, viwete, vipofu, wasio na cha kukulipa. Hakusema tuwapelekee chakula tu. Alisema tuwaalike.

MASWALI YA TAFAKARI

1. Katika ratiba na matumizi yangu ya wiki, pembe ya shamba iko wapi? Au navuna mpaka mpakani?
2. Ni nani ninayempita kila siku ambaye simjui jina?
3. Kuna mtu ninayemdai shukrani kwa sababu nilimsaidia? Nimwache huru.
4. Kama ninaajiri mtu, hata dada wa kazi nyumbani, je, haki yake ninaitoa kwa wakati kabla ya kutoa sadaka kanisani?

TUSALI

Bwana Yesu, ulizaliwa mahali ambapo si pako, na ukafa nje ya mji. Utufundishe kuacha pembe katika kila tunachovuna. Uwabariki wapishi, wahudumu na wenye migahawa wanaokumbuka walioko nje ya mlango. Umpokee Modesta na wote waliokufa barabarani bila mtu wa kuwashika mkono. Na sisi vijana utupe macho ya kuona, miguu ya kusimama, na meza yenye nafasi ya mtu mmoja zaidi. Amina.

Mtakatifu Benedikto Yosefu Labre, utuombee.

Wiki njema, kijana mwenzangu. Ukifanya jaribio hili na kikundi chako, tusimulie lilivyokwenda, hata kama zilipatikana shilingi elfu mbili tu. Tumsifu Yesu Kristo!